Kikwembe Kimoja mpaka ku Golo ya Wabiwa

Mbele ya kuondoka

Tangu nirudi Baraka, sipiti mu soko bila kushikwa mukono. Mama wa mawese ananiuliza, mama wa muhogo ananiuliza, hata pasta alinisimamisha mbele ya kanisa na Biblia mu kwapa: "Koko wa Wabiwa, kule Dar kulipita nini? Sisi tulisikia mulienda na kilio." Nimechoka kurudilia. Na kila nikisimulia, Mama Feza, wifi yangu, ananikata neno, anaongeza yake. Basi naandika sasa, Mama Feza akiwa mbali anaanika samaki. Mambo ya makaratasi ya mupaka nayaruka. Yalichukua muda, na sijaona muntu aliyecheka juu ya karatasi.

Kwa bale hawamujui Wabiwa: ni mutoto wa binti yangu, mi koko, nyanya yake, njo nilimulea hapa ku mwambao, kwa sababu mama yake analima kule ku milima ya Fizi, fasi network haifike. Wabiwa analinda golo ya ekipe ya taifa ya batoto banamuke, bale hawajafika miaka makumi mbili. Bantu banasema kipaji kile kilitoka kwa Mungu. Mungu anisamehe, kilitoka ku ndakala. Sisi tunaanika ndakala, dagaa za ziwa, juu ya nyavu za zamani pale ku mchanga, na kila mwizi wa Baraka anajua fasi yetu: kuku, bata, kunguru, mbuzi. Wabiwa akiwa mudogo nilimuweka katikati na fimbo. Kiisha nikamunyang'anya fimbo, juu alikuwa anavunja kuku za bantu miguu. Akabaki na mikono yake tu. Kunguru anashuka upande huu, kuku anatokea upande ule, ye katikati, anaruka. Akipitwa, mi napiga kelele toka mu kivuli: "Kuku imekula." Na kuku ikikula, jioni Wabiwa anakula bukari, ugali wetu, na chumvi. Mutoto alijifunza mbio.

Na ekipe yenyewe niwaambie, juu kuna bale banafikiri mupira wa Congo ni wa banaume bakubwa tu. Mwanzo batoto bale balikuwa banapigwa mpaka muntu wa radio anashusha sauti sawa muntu anayetaja ugonjwa. Mi naanika samaki, radio iko ku sikio, machozi inadondoka ku ndakala. Kiisha bakaanza kupigwa kidogo. Kiisha bakaanza kutoka sare. Kiisha, siku moja, bakapiga benzao, na mi nikasimama katikati ya nyavu nikakanyaga samaki zangu mwenyewe. Hawakupewa kitu bule, batoto bale. Balipanda sawa muntu anapanda mulima wa Fizi na mutungi ku kichwa. Lakini kuna mulango wa mwisho, ule wa kuenda ku mashindano makubwa ya ng'ambo, na kila mara balifika pale, mulango uliwagonga pua. Safari hii balipiga batoto ba Tanzania kule Kinshasa, golo moja kwa sifuri. Ilibaki kurudiana Dar es Salaam. Wabiwa asipopitwa, mulango unafunguka.

Siku moja akaniambia mu simu: "Koko, kule Kinshasa benzangu bote beko na bamama yao ku stade, banapiga kelele. Mi naangalia nyuma ya golo yangu, hakuna muntu wangu."

Hakuomba kitu. Alisema tu, kiisha akauliza bei ya samaki. Mi nikaweka simu chini, nikaenda kwa Mama Feza, nikamuambia, "Tunaenda Dar."

"Dar gani?"

"Ile ya mbali."

Wa tatu wetu alikuwa Mama Zaina, Muislamu wa hapa mwambao, yule ananunua ndakala zetu na kuzivusha Kigoma. Anajua njia, na mudomo wake hauogope muntu. Wabiwa hatukumuambia. Nilitaka ageuke tu, atuone.

Tulishona kikwembe kimoja, kitenge cha rangi moja, sisi batatu. Mi nilitaka bulu ya bendera. Mu soko bulu ya bendera ilikuwa imeisha, ilibaki bulu moja nzito, karibu nyeusi, na maua meupe. Mama Feza akasema bulu ni bulu. Na juu muntu hawezi kuenda kwa mujukuu na mikono mitupu, tukachinja mbuzi. Ilikuwa mbuzi ya Wabiwa mwenyewe, ile nyeupe alipewa na mujomba wake ikiwa ndogo, siku aliitwa Kinshasa mara ya kwanza. Nikasema, mbuzi ni yake, chakula ni chake, shida iko wapi. Tukakausha nyama na chumvi na pilipili, tukajaza ndakala mu mufuko, mawese mu bidon, unga wa muhogo mu gunia. Tukaenda.

Ziwa

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Ku Baraka asubuhi inaisha pale mutungi wa mwisho wa mawese umeingia mu boti. Tulikuta bijana banapiga muziki, bamama babili banagombana juu ya fasi ya kuku zao, nahodha anatukana mashini. Tukatokea sisi, batatu, kikwembe kimoja, mizigo ku kichwa.

Bote bakanyamaza. Nahodha akazima muziki yeye mwenyewe. Kijana mumoja mwenye miwani ya jua akaitoa, akasimama, akatupa fasi yake ya kivuli. Bale bamama ba kuku bakasogea, na kuku zao, bila tusi moja.

Nikamuambia Mama Feza polepole, "Kumbe bantu banapenda mupira hivi."

"Ni Wabiwa," akasema. "Jina lake limefika mpaka mu boti."

Nilikaa pale sawa mukubwa. Mama mumoja wa Nundu akaja kukaa karibu yangu, akashika mukono wangu, hakuuachilia. Mukono wake ulikuwa wa moto, muntu mwema. "Mama," akasema, "mutavumilia."

"Tutavumilia. Sisi tumezoea. Kila mwaka ni vile."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mama. Ule uliopita ulikuwa mubaya zaidi. Tulipata nne siku moja."

Akaweka mukono ku kichwa, akalia kabisa. Nikasema mu roho, huyu anajua mupira kuliko muntu wa radio.

Katikati ya ziwa maji yakaanza kupanda. Mama Feza akainama pembeni ya boti, akatoa kila kitu alikula tangu Pasaka. Mama Zaina akamupangusa uso na kumuambia, "Wacha, dada. Samaki zinarudi kwao tu." Mi niliangalia milima yetu ikipungua. Mara ya kwanza nilivuka ziwa lile, nilikuwa nakimbia bunduki, na mama ya Wabiwa ku mugongo, na hakuna muntu alikuwa na nguo inafanana na ya mwenzake. Sasa navuka tena, juu mutoto wa yule mutoto anacheza mupira mbele ya mataifa. Nililia kidogo. Mama wa Nundu akaniona, akanipa embe.

Kigoma, kwa Alimasi

Kule Kigoma tulilala kwa Alimasi, mushonaji wa nguo, Mubembe mwenzetu aliyebaki huko tangu wakati wa vita. Anajuana na Wabiwa, ye njo alimushonea mufuko wa glavu zake siku moja ekipe ilipita. Alikuwa ku mashini yake tulipofika. Akainua kichwa, akaona kikwembe, mguu wake ukasimama juu ya mashini.

Hakuuliza habari za nyumbani. Akapokea mizigo, akatupa maji, akaita muke wake apige bukari. Ilikuwa bukari ya mahindi, nyeupe mpaka inaumiza macho, na samaki mugebuka wa kukaanga. Tulikula vizuri. Alimasi hakugusa. Kiisha akasogeza kiti.

"Munaenda kwa Wabiwa."

"Kwa Wabiwa," nikasema.

"Anajua?"

"Hajui. Hatukumuambia kitu."

"Muzuri. Mu simu si muzuri."

"Hapana. Atatuona tu, ataelewa."

Alimasi akafunika mudomo na mukono. "Mbele ya mechi ao nyuma ya mechi?"

"Mbele, kama Mungu anasaidia. Nataka atuone mbele."

"Koko," akasema, "muko na roho ngumu."

Nikasema aksanti. Nilifikiri anasifu magoti yangu, juu ya safari.

Asubuhi akatusindikiza mpaka ku gari la moshi, akatupa sukari na majani ya chai, akatupa tena sabuni. Mama Zaina akaangalia ile sukari. "Alimasi huyu," akasema, "zamani alikuwa anacheka hata ku maziko. Leo mapua yake imeanguka mpaka ku kidevu. Na nani anapeleka sukari ku mupira?"

"Ni heshima," nikasema. Mi nilikuwa nimeisha kuzoea heshima.

Treni

Treni ni nyumba ndefu inayokataa kukaa fasi moja. Unalala Uvinza, unaamuka hujui wapi, na mugongo wako haujui ni wa nani. Lakini kila fasi inasimama, bantu banakuja ku madirisha na chakula: mahindi ya kuchoma, kuku mugumu sawa kiatu, ndizi, asali mu chupa. Mbele yetu alikaa mama mumoja wa Tabora, munene, mwenye furaha, na termosi ya chai isiyoisha. Alitusikiliza tukiongea, mwishowe akashindwa.

"Samahani, mama zangu. Hicho ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili."

"Mbona kinatembea pekupeku?"

"Chenu," nikamuambia, "kinavaa viatu mpaka kitandani."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu pale tulikuwa ndugu. Nikamuonjesha ndakala na pilipili, akanipa asali. Nikamueleza juu ya Wabiwa. Akasema, "Sasa bibi, mimi ni Mtanzania. Mjukuu wako nimtakie nini?"

"Mutakie afya."

"Afya nitamtakia. Ushindi hapana."

Mbele ya kufika Tabora mvua ilikuwa imeangusha udongo juu ya reli. Tukasimama mu pori, bantu bakashuka, bakakaa ku majani, bangine bakawasha moto. Mi nilianza kuogopa siku ya mechi. Mama Zaina akapanda juu ya kilima kidogo na simu yake, akaizungusha sawa muntu anafukuza nzi, mpaka ikalia.

"Koko," akaita. "Ni Wabiwa. Anakutafuta."

Nilipanda kile kilima na mikono na magoti. Nikashika simu na furaha yote.

"Koko." Sauti yake ilikuwa kavu sawa samaki wa siku tatu. "Alimasi alishindwa kuficha, aliniambia munakuja. Kikwembe kimoja, na chakula. Niambie tu. Ni mama? Simu yake haipatikane."

"Mama yako amefanya nini?"

"Koko, usinifiche. Ni nani alikufa?"

Nikafungua mudomo, na network ikaenda. Tulizungusha ile simu mpaka moto wake ukaisha.

Sasa nieleze kwa wageni, juu bantu ba Fizi beko tayari banashika kichwa. Kwetu kifo hakipite mu simu. Muntu akifa, na mutoto wake iko mbali, bazee bananyamaza. Banachagua bamama batatu ao bane, ba karibu. Banavaa kikwembe kimoja. Banabeba chakula, juu mufiwa hatapika. Banaenda bila kutuma habari, mpaka ku mulango wake. Hawaseme kitu. Akiwaona tu, anajua, na anaangukia mu mikono yao. Mi mwenyewe nimeenda vile mara mingi, mpaka Bukavu. Na bantu ba njia banajua. Hawaulize ni nani. Banazima muziki, banatoa kiti.

Tuliangaliana. Kiisha tukaangalia nguo zetu.

Mama Zaina alianza kucheka, akakaa ku reli, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka. "Nne siku moja," akasema. "Ulimuambia yule mama wa Nundu, nne siku moja." Mama Feza naye akaanza. Mi sikucheka. Mi niliona Wabiwa amesimama katikati ya golo, na maiti ya mama yake mu kichwa, na mupira unakuja.

Tuliposhika umeme Tabora, simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameniambia zamani: siku za mwisho mbele ya mechi ekipe inakusanya simu zote, batoto balale. Na mama yake kule shambani, hata ukipiga kelele toka Baraka, hasikie.

"Tuvue hizi bikwembe," Mama Feza akasema.

"Tukivua, atasema tumevua juu ya kumudanganya."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukifika na kikwembe, kuna mufu," Mama Zaina akasema. "Tukifika bila kikwembe, kuna mufu amefichwa. Mi naona tufike uchi."

Mama wa Tabora alikuwa ameelewa yote. Alimwaga chai ndani ya kikombe changu mpaka juu. "Bibi," akasema, "nimebadilisha dua. Mtoto huyo asimame vizuri. Sisi tutashinda siku nyingine."

Dar, ku mulango wa hoteli

Tuliingia Dar asubuhi ya mechi yenyewe. Bahari sikuiona, musiniulize. Tulipanda teksi, tukaenda moja kwa moja ku hoteli ya ekipe, na vumbi la nchi nzima mu nywele. Ku mulango akatoka muzee mumoja wa ekipe, kadi ku kifua, tumbo mbele, uso muzuri wa baba ya familia. Hakungoja tujitaje. Alitoa kofia.

"Bamama. Courage, jikazeni. Tulikuwa tunawangoja."

"Papa," nikasema, "hakuna muntu alikufa."

"Naelewa."

"Hapana, hauelewe. Hakuna muntu. Tulikuja ku mupira."

Akanishika mabega mawili. "Mama, kwetu Kasai pia njo vile banasema, mpaka mechi iishe. Muko bamama ba akili. Si kila mama angeweza."

Nikamuapia ku Mungu. Akaweka kofia ku kifua. Mama Feza akaapa ku batoto yake. Yule baba akaanza kulia. Mama Zaina akamuambia, "Papa, ukiangalia uso wangu, huu ni uso wa kilio?" Akamujibu, "Kila muntu analia na njia yake, mama." Unamufanyia nini muntu wa namna ile? Alikuwa na roho nzuri, njo ilikuwa shida yake.

Nikamuomba nimuone mutoto dakika moja, mbele yake, asikilize kila neno. Akakataa, polepole, sawa muntu anayekataza mugonjwa maji. Akasema Wabiwa hakukula tangu alisikia habari. Kocha alitaka kuweka mutoto mwengine ku golo, na Wabiwa akasema, "Kama mama yangu ameenda, aliniacha niko gardien, mulinda golo, nitasimama gardien." Yule baba alivyosema ile neno, mi mwenyewe karibu niamini binti yangu amekufa. Nilimuheshimu yule mutoto pale, mbele ya mulango wa hoteli, kuliko siku yoyote alidaka mupira.

"Tutawapa fasi ku stade," yule baba akasema. "Lakini juu kabisa, nyuma, asiwaone. Mechi ikiisha, mi mwenyewe nitawaleta kwake."

Stade

Balituweka juu, karibu na ndege. Bakongomani ba Dar balikuwa pale na ngoma na bendera, banapiga kelele. Chini, batoto balikuwa banatia mwili moto. Bazuri bale batoto, miguu mirefu, nywele zimesukwa. Na ku golo, Wabiwa wangu. Banamupigia mupira, anauacha. Banamupigia mwengine, unapita mu mikono sawa maji. Mupira rahisi, hata bata angeukalia. Hakuwa anaangalia mupira. Alikuwa anaangalia bantu, musitari kwa musitari, anatutafuta.

Nikasimama. Nikashuka zile ngazi, na magoti yangu yanalia kila moja. Chini, ku chuma za uzio, kulikuwa na binti mumoja wa ulinzi, Mtanzania, na fulana ya kung'aa.

"Bibi, rudi juu tafadhali."

"Mwanangu, sitavuka. Nataka kucheza tu."

"Kucheza nini?"

"Kucheza ngoma."

Akaniangalia toka kichwa mpaka ndala. "Haya, cheza. Lakini hapo hapo."

Kwetu mwanamuke mwenye maiti mu nyumba anakaa chini. Anakaa chini ku mukeka, na hachezi. Anaweza kula, anaweza kulala, anaweza hata kudanganya, lakini kucheza hawezi, mpaka bazee bamalize kilio. Hakuna mama wa Fizi angecheza juu ya mwili wa binti yake, hata ukimupa ekipe nzima. Wabiwa anajua ile toka tumboni.

Nikafunga kikwembe vizuri mu kiuno, nikaanza. Ngoma za Bakongomani zilikuwa juu, nilizisikia mu miguu. Nilitikisa mabega, nikatikisa kiuno, na magoti nikayaambia yatanilaumu kesho. Bantu bakaanza kupiga makofi. Bo balifikiri ni muzee mumoja anashangilia. Nikapiga kelele na sauti yangu ya ku mchanga, ile inafika mpaka ku mitumbwi: "Wabiwa, kuku imekula."

Akageuka. Kwanza aliona kikwembe, na mudomo wake ukafunguka, nikajua anakufa pale. Kiisha akaona miguu yangu. Mama Feza akafika kando yangu, akacheza. Mama Zaina akafika, na ye anacheza sawa muntu anafukuza panya mu nyumba. Batatu, kikwembe cha maiti, tunacheza sawa bibi-harusi. Wabiwa alisimama pale, mupira ukamupita, mwengine ukamupita, kocha akaanza kumuita. Aliangalia miguu yangu muda mrefu. Kiisha akaweka mikono ku kiuno, akatikisa kichwa, vile mi natikisaka juu yake. Akatemea mate ku glavu. Mupira uliofuata, aliushika na mukono mumoja.

Mechi sitaisimulia yote. Batoto ba Tanzania balikuwa mbio, balicheza muzuri, nasema kweli, balikuwa banakuja sawa kunguru za saa ya mchana: mumoja anapiga kelele upande huu, mwengine anaiba upande ule. Batoto betu balikimbia mpaka miguu ikatetemeka, hakuna aliyeacha mwenzake peke yake. Na nyuma yao, Wabiwa. Nilitaka kukaa, magoti yalikuwa yameisha. Mama Feza akanivuta kikwembe. "Usikae. Akikuona umekaa chini, atasema ni kweli." Basi nikabaki nimesimama mechi nzima. Kila akigeuka, mi natikisa kiuno kidogo.

Mwisho kabisa mutoto mumoja wa Tanzania alipiga toka kushoto, mupira ukagonga mguu wa muntu wetu, ukageuka kulia. Mi nilifunga macho. Nilisikia stade nzima imevuta pumzi. Nikafungua: Wabiwa alikuwa amelala ku majani, mupira mu kifua, ameukumbatia sawa kuku mwizi iliyokamatwa. Filimbi ikalia. Sifuri kwa sifuri. Hakuna kitu kililiwa. Na mulango ule, uliowagonga pua miaka yote ile, ukafunguka, na batoto betu bakapita, banalia, banaangukiana, mutoto wa Kinshasa juu ya mutoto wa Lubumbashi juu ya mutoto wa Fizi.

Wabiwa hakuanguka na benzake. Balimuvuta, akawasukuma. Alikuja mpaka ku chuma, akashika na glavu mbili. Hakucheka.

"Koko, sasa sema kweli. Mama?"

"Iko ku shamba, anavuna muhogo."

"Tate?"

"Iko, babu yako analalamika mugongo."

"Mujomba?"

"Iko. Alikuwa amelewa siku tulitoka."

"Batoto ya Mama Feza?"

"Bote beko, na njaa yao."

Akahesabu nyumba yetu mu kichwa, muntu kwa muntu. Kiisha akasema, "Na mbuzi yangu?"

Mama Zaina akaangalia mbingu. Mama Feza akapata kazi ku kamba ya mufuko.

"Ile," nikasema, "tulikuja nayo."

Alielewa. Akakaa chini pale pale, akaweka glavu ku uso, akalia. Alilia ile kilio yote aliyokuwa ameibeba tangu simu ya Alimasi, ya mama yake, ya tate yake, ya bote bale balikuwa bamekufa mu kichwa chake na sasa balikuwa bamefufuka. Yote akaimwaga juu ya mbuzi. Mi nilipitisha mukono mu chuma, nikashika nywele zake, nikamuacha alie.

Yule muzee wa ekipe akatufikia, anahema, kofia tayari mu mukono. "Mama," akaniambia polepole, "aksanti kwa kungoja mechi iishe. Umemuambia?"

"Nimemuambia."

"Alikuwa wa karibu sana?"

"Alimulea tangu mudogo," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaenda kuwaambia bangine bamuache. Wabiwa akapangusa mapua na glavu. Alikuwa hajakula siku zile zote.

"Mulitia pilipili?"

"Tulitia."

"Leteni."

Tukamupitishia nyama mu chuma. Akakula pale chini, glavu moja bado ku mukono, analia na kutafuna.